Mkanda Uliokuwa Ukining'inia

"Mwalimu, kaa hapa mbele," kondakta alisema akinifungulia mlango. Tulikuwa kwenye steji ya magari ya Ziwa mjini Eldoret, mwezi wa Aprili, na asubuhi hiyo daktari alikuwa amenitoa uzi wa mwisho kwenye jicho la kulia. Tangu Novemba sikuwa nimekaa kiti hicho. Nilipanda kando ya kijana aliyekwisha kukaa katikati, nikavuta mkanda, nikausukuma mpaka nikasikia umeshika. Ndipo nikapumua.

Novemba nilikaa papo hapo bila kuufunga. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi, alfajiri ya ukungu, nami nilikuwa nawahi mjini. Mkanda ulining'inia karibu na sikio langu. Kwangu ulikuwa wa kuwaonyesha polisi. Ningeuvuta tukikaribia kizuizi. Kabla ya kizuizi tulikutana na trekta likikokota trela la mahindi, nyuma hakuna taa hata moja. Dereva akakanyaga breki. Gari lilisimama, mimi sikusimama. Uso wangu uliishia kwenye kioo cha mbele.

Maumivu hayakuja mara moja. Yalitangulia majimaji ya uvuguvugu shavuni, kisha upande wa kulia ukawa giza. Mkono ulipanda wenyewe kufuta, na mama mmoja wa kiti cha nyuma akaudaka. Alikuwa muuguzi, anakwenda zamu. "Usiguse, baba. Usilisugue, usilioshe, usilikandamize." Akachukua kikombe kipya cha karatasi, akakata kitako chake, akakiegemeza kwenye mfupa wa paji na wa shavu, akakifunga kwa leso yake. Kikombe hakikuligusa jicho lenyewe. Jicho lililopasuka likibanwa, vilivyomo hutoka. Daktari aliniambia baadaye kwamba kazi ya kuliokoa jicho langu ilianzia kwa mama yule, pale barabarani.

Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi nililazwa usingizi, wakaishona konea kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kesho yake daktari alilichunguza pia lile jicho zima, kwa muda mrefu. Nilimwuliza kwa nini. Akanieleza kwamba jicho moja likitobolewa, mara chache kinga ya mwili huligeukia hata la pili na kulishambulia, wiki au miezi baadaye. Nikamkumbuka Louis Braille, ambaye nimewafundisha wanafunzi habari zake: mwaka 1812, akiwa na miaka mitatu, alijichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake huko Ufaransa. Alipofika miaka mitano, hakuwa anaona kwa jicho lolote. Usiku ule sikulala.

Nyumbani Ziwa, kila asubuhi nilisoma maandishi madogo ya pakiti ya unga kwa jicho la kushoto. Yakisomeka, siku imeanza vizuri. Binti yangu alinitilia dawa ya matone kwa saa. Sikuruhusiwa kuinama, kubeba debe, wala kukaa jikoni penye moshi. Mashine ya kupukuchua ilipowashwa kwa jirani, nilifungiwa ndani, na madirisha yote yakafungwa. Rafiki yangu Kogo aliniletea mursik, maziwa yaliyochachushwa, katika kibuyu, akakaa nami kimya. Wageni wengine waliponipa pole walisema lile lile: "Ajali haina kinga, Mwalimu." Niliitikia kwa adabu, lakini kila nikiitikia niliuona ule mkanda.

Lenzi ya jicho ilikuwa imeumizwa, ikageuka mtoto wa jicho. Februari waliitoa, wakaweka ya plastiki. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho la kulia kilikuwa bluu: sweta ya binti yangu. Sura yake ilikuja polepole, nyuma ya rangi. Mpaka leo taa za usiku huniotea miiba, na daktari amesema huenda zikabaki hivyo. Nashukuru kuziona.

Daktari huyo ndiye aliyeniambia kwamba Uingereza ilipowalazimisha abiria wa mbele kufunga mikanda, mwaka 1983, macho yaliyopasuliwa na vioo vya magari yalipungua sana. Sisi Wakenya tulipata sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, na mkanda ukawekwa hata kwenye matatu. Kwa hiyo kinga ilikuwapo. Ilikuwa imening'inia begani mwangu.

Tulipofika pale pa trekta, mashamba ya pande zote mbili yalikuwa meusi, yamelimwa upya. Nilimtazama kijana kando yangu. Mkanda wake alikuwa ameukalia. Niliuchomoa, nikampa mkononi.

"Kuna polisi mbele, Mwalimu?" aliuliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Funga."