Gari la Kulala Watu Wawili: Tulivyopima Ukubwa Wake Saadani

Watoto wakishaondoka nyumbani mume na mke hubaki wawili kama siku ile walipofunga ndoa, ila sasa kuna miwani na vidonge mezani. Wengine hapo hununua ng'ombe, wengine hujenga vyumba vya kupangisha. Sisi tulitamani kutembea. Shemeji yenu alikuwa amepokea kiinua mgongo, na mazungumzo ya kila jioni barazani yakawa ni hayo hayo: tununue gari la kulala ndani, ili tufike mahali tusipomudu hoteli zake. Juu ya kununua tulipatana mapema. Ugomvi wetu mdogo ulikuwa juu ya ukubwa.

Yeye alitaka Coaster. Alikwisha kuichora kwenye daftari, yenye jiko, sofa, choo na mahali pa kuweka wageni. Upande wa pili wa baraza ulitaka gari dogo kuliko hilo. Basi tukakubaliana kwamba tutapeleka swali hili Saadani, tukaangalie wenyewe njia, magari na usiku wa huko, ndipo fedha itoke benki.

Saadani iko kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya Mto Wami. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi ya wanyama wa nyika katika Tanzania inayofika mpaka ufukweni mwa bahari. Unaweza kuona twiga asubuhi, na saa nne ukawa umekaa mchangani unatazama jahazi. Kuna kongoni, kuro, tohe, simba na tembo. Mtoni Wami kuna viboko na mamba, na huko Madete kasa hupanda ufukweni kutaga mayai. Kijiji chenyewe cha Saadani kipo, wavuvi wanatega kamba, na mashamba ya chumvi yanang'aa kwa jua hadi macho yanauma.

Tulipita Bagamoyo, tukafuata lami mpaka Msata, kilometa 64, kisha tukashika barabara ya kaskazini hadi Mandera. Hapo tulichepuka kuelekea baharini kupitia Miono, kilometa zipatazo 60, na sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa ya udongo. Safari hiyo tulikodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, la kupandwa kwa ngazi.

Akina mama, jambo la kwanza la kupima Saadani ni udongo. Sehemu nyingi ni ule mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukinyeshewa huwa kama ugali uliokosa unga. Kabla ya kufika lango tulikuta gari la wazungu wawili, mume na mke wa makamo kama sisi. Lilikuwa lori zima lililogeuzwa nyumba, lina dirisha lenye pazia na bafu la maji moto. Mvua ya usiku ilikuwa imelizamisha mpaka ekseli. Walikuwa wamekaa kwenye viti vyao wanakunywa chai, watulivu kabisa, wakisubiri udongo ukauke. Shemeji yenu alilizunguka lile lori mara mbili bila kusema neno. Coaster tupu, kabla hujaiwekea hata kitanda, ina uzito wa tani tatu na ushee. Ongeza kabati, mtungi wa gesi, betri na maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo umeshaingia kwenye magari ya tani 3.5 na zaidi, yale yanayotakiwa kupita mizani barabarani. Na hifadhini nako, kiingilio cha gari hupangwa kwa uzito wake likiwa tupu, kwa hiyo tazameni kadi ya gari kabla ya kulipenda rangi.

Historia ya Saadani yenyewe inafundisha juu ya magari makubwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka hapo na ng'ombe wanne kwenda Mpwapwa kujaribu kama mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, ile waliyoizoea Afrika Kusini, ingeweza kupita. Alirudi na jibu la matumaini. Mwaka 1877 Alexander Mackay alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na mwaka huo huo wenzake Price wakaja na mikokoteni kamili. Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine, ikabidi mizigo irudi vichwani na mabegani mwa wapagazi. Waliowaua ni mbung'o, ingawa namna wanavyoambukiza vimelea ilikuja kuthibitishwa na David Bruce mwaka 1895. Miaka michache baadaye Annie Hore, mke wa mmisionari, alisafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika pamoja na mtoto wake mdogo, akiwa amebebwa kwenye kiti. Alifika mapema mwaka 1885. Njia ambayo mkokoteni ulishindwa, kiti kilipita, ingawa hatusahau mabega ya wale waliokibeba.

Mbung'o bado wapo. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi za buluu nzito na nyeusi, hivyo gari la rangi hizo huingia porini likiwa na wasindikizaji. Chagueni jeupe au la rangi ya udongo, na madirisha yote yawekwe wavu, ambao utawafaa kwa mbu pia. Gari lenye madirisha makubwa kumi na mawili ni nyavu kumi na mbili za kushona!

Basi Coaster ilikuwa imejibiwa. Lakini usiku ulitujibu na juu ya hema la paani.

Shemeji yenu ana sukari, na anatumia insulini. Wenye wagonjwa wa namna hiyo nyumbani mnajua: sukari ikipanda mtu huamka kwenda haja ndogo mara tatu, mara nne. Usiku wa kwanza alitaka kushuka saa nane. Ngazi ilikuwa na umande, vidato vyembamba, na chini giza tupu. Tulimulika kwa tochi, na hatua kama thelathini kutoka gari macho mawili yakaturudishia mwanga. Kama ni ya kuro au ya mnyama mwingine hatukushuka kuuliza. Mgonjwa wa sukari hatakiwi kupata hata mchubuko wa kidole cha mguu, maana kidonda chake hupona kwa shida, na mishipa ya miguu ikishadhoofika anaweza asisikie kwamba ameumia. Tulitumia ndoo ya kufulia humo humo hemani, tukacheka kimya kimya kama wanafunzi wa bweni. Lakini kulipopambazuka tulikuwa na neno moja: kitanda kiwe ndani ya gari, na kutoka kitandani mtu aweze kufika kwenye usukani bila kukanyaga ardhi. Sukari ikishuka ghafla usiku, au homa ikipanda, dereva awashe gari na kuondoka. Kutoka kambini hadi hospitali ya wilaya Bagamoyo ni mwendo wa saa kadhaa hata kwa gari lisilokwama.

Insulini nayo ina ukubwa wake. Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, wala zisigande. Iliyoanza kutumika huvumilia nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina, na ndani ya gari lililofungwa juani pwani joto hilo hupitwa kabla ya chai ya saa nne. Chungu cha udongo chenye maji, tunachowashauri wagonjwa wa bara, husaidia kidogo pwani kwa sababu hewa ina unyevu mwingi. Kwa hiyo tulihitaji nafasi ya friji ndogo ya betri, ya kukaa kivulini.

Jiko hatukulitafutia nafasi. Gari dogo halina hewa ya kugawana na moto. Kupika kuwe nje, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata mvua ikinyesha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na waliolala nayo wamekutwa asubuhi wamekufa.

Mwishoni tumechukua Hiace iliyotumika, ya bodi fupi, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ina uzito wa kama tani mbili. Ndani upana ni kama futi tano, hivyo godoro la nne kwa sita linalala kwa urefu na kuacha njia ya kupita kwa ubavu. Choo ni ndoo yenye mfuniko. Maji tunabeba lita 60, yaani lita 10 kwa kila mmoja kwa siku tatu. Haina kimo cha kuvuka madimbwi kama Land Cruiser, kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, itakaa nyumbani.

Wako watakaosema wawili waliozoea kitanda cha tano kwa sita watagombana humo. Ndani ya futi nne mkinuniana hamna pa kugeukia, na kwa umri wetu huu hilo tumelikubali. Fundi seremala wa Bagamoyo alipomaliza fremu ya kitanda alimwomba shemeji yenu ajilaze aone. Akajilaza na viatu. Vidole vikagusa mlango wa nyuma. Fundi akatoa penseli sikioni, akaisogeza fremu inchi mbili kuelekea mbele.