Watoto Wetu Sabasaba

Kiwanja cha Sabasaba kiko kando ya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Jina lake latokana na tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Wakati wa maonyesho mabanda hujaa bidhaa za nchi nyingi, na watu ni kama siafu.

Nilikwenda na mwanangu wa miaka 13 na mpwa wangu wa miaka 14. Wakaniomba watembee peke yao. Nikawapa karatasi yenye namba yangu ya simu, tukaagana kukutana langoni saa tisa. Nikasema, "Nendeni, nawaamini."

Lakini moyo haukutulia. Nikawafuata nyuma, nikijificha banda hata banda. Wakatazama matrekta, wakauliza bei, wakagawana chupa moja ya soda. Hawakufanya kosa lo lote. Mara mwanangu akageuka, akaniona. Alisema neno moja tu: "Baba, ulisema unatuamini."

Niliona haya. Nikawaomba radhi, nikarudi langoni kungoja. Hapo nikawakumbuka Maria na Yosefu, waliokwenda mwendo wa siku moja wakidhani Yesu, mwenye miaka 12, yumo msafarani. Walipomkosa walimtafuta kwa uchungu. Kumtafuta mtoto aliyepotea ni wajibu wa mzazi. Kumpeleleza asiyepotea ni kumvunja moyo.

Saa tisa kasorobo watoto walikuwa wamekwisha fika.