Barua kutoka Belfast: Kinachomlinda mnyanyasaji ni fimbo yako

Ndugu zangu wa Lushoto, Soni na Mlalo, baridi ya huku inaifanya ile ya Magamba ionekane ya kitoto, lakini leo sijaandika kulalamikia baridi.

Oktoba 2024 mahakama ya hapa Belfast ilimhukumu Alexander McCartney kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka 20. Kijana wa kijijini karibu na mji wa Newry, aliyesomea kompyuta. Kwenye Snapchat alijifanya msichana. Anamsifia binti, wanazoeana, anaomba picha moja. Ikishatumwa tu, anageuka: tuma nyingine, tena mbaya zaidi, la sivyo hii wataiona watu wote. Polisi wanakadiria aliwatesa watoto 3,500 hivi, katika nchi mbalimbali. Mmoja, wa miaka 12 huko Marekani, alijiua.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Lakini utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba watoto wa Tanzania wapatao 200,000, wa miaka 12 hadi 17, walikumbwa na unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Na mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Basi msihangaike na Mzungu wa Newry. Mwangalieni anayemrushia bando binti wa kidato cha pili aliyepanga geto jirani na shule.

Nikipiga simu nyumbani naambiwa dawa ni kumnyang'anya mtoto simu. Simu ipi? Ya mama, ya kaka au ya shoga yake? Mtaji wa hawa watu si simu, ni hofu. Binti akijua kwamba baba akisikia atamcharaza na kumwachisha shule, atamtii mwenye picha kuliko atakavyowatii ninyi. Hata wavulana wamo, nao hunyamaza zaidi.

Mwambieni mtoto leo, kabla ya lolote: ukiponzwa, njoo, hutapigwa. Ujumbe usifutwe, ndio ushahidi. Msiyamalize kwa kikao cha wazee na faini ya mbuzi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Nendeni dawati la jinsia na watoto la polisi, au pigeni simu ya msaada kwa watoto, 116. Ni bure.