Kwenye Chesi Hakuna Lazima ya Kula

Ukiniuliza nani mchezaji hatari zaidi wa chesi ninayemfahamu hapa Moshi, jina lake sitakutajia, lakini naweza kukuambia kazi yake: bodaboda, kijiwe cha upande wa Majengo. Ana miaka 23. Shule aliishia kidato cha nne. Kabla ya kupata pikipiki ya mkataba aliwahi kupanda Kilimanjaro mara kadhaa kama mpagazi, mzigo wa kilo 20 begani. Siku hizi, kati ya abiria mmoja na mwingine, anatoa simu, anacheza mchezo wa dakika tatu na mtu aliyeko Brazili au Ufilipino, anamfunga, anarudisha simu mfukoni, anakuuliza, "Unaenda wapi, mama?"

Chesi ya namna hiyo wenyewe wanaiita blitsi. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ni ile ambayo kila mchezaji ana dakika 10 au pungufu kwa mchezo mzima. Kwenye mashindano ya dunia ya blitsi kila mtu hupewa dakika 3, na sekunde 2 za nyongeza kila anaposogeza kete. Muda wako ukiisha umefungwa, hata kama ubaoni ulikuwa unashinda.

Miezi michache iliyopita aliniambia kitu ambacho hakijanitoka. Pointi zake kwenye simu zilikuwa zimegoma kupanda kwa karibu mwaka mzima. Akasema, "Kaka, naona kichwa changu kimeishia hapo. Shule iliishia Form Four, na chesi nayo ndiyo imeshafika Form Four yake." Alisema huku anacheka, ila wewe unayemjua mtu unajua kicheko kipi ni cha kufunikia jambo. Alikuwa anafikiria kuacha.

Nikamwomba anitumie michezo aliyofungwa. Programu inaitunza yote, hatua kwa hatua. Mimi si mchezaji mkali, kwa dakika tatu ananifunga akiwa anaongea na abiria. Nilichokuwa nacho mimi ni jioni, meza, na chai. Nikaipitia michezo 40, mmoja mmoja, polepole.

Kwanza nikuambie anavyocheza, kwa sababu ni raha kuangalia. Anashambulia kuanzia hatua ya pili. Anatoa kete bure ili mfalme wako abaki uchi. Farasi wake wanaruka kwenye kona ambazo hukuzitarajia, na kila hatua yake inakulazimisha ujibu sasa hivi, kwa hiyo saa yako ndiyo inayokwisha, yake bado. Anapenda ubao uchafuke. Ukichafuka, wewe unapotea, yeye anaona njia.

Kisha nikaanza kuona jambo linalojirudia. Kila penye kitu cha kula, alikula. Mpinzani akiacha askari wazi, anakula. Askari wawili wakitazamana katikati ya ubao, wake na wa mwenzake, yeye ndiye wa kwanza kula. Akitegwa kete ya kafara, anakula ndani ya sekunde moja. Zaidi ya nusu ya michezo ile 40, mambo yalianza kuharibika hapo hapo, kwenye mlo ambao hakuna aliyemlazimisha.

Nilitafakari siku mbili, nikakumbuka alikotoka. Huyu kijana alilelewa na drafti. Sote tumeiona: ubao wa kuchora, visoda 12 vya kuangalia juu na 12 vya kuangalia chini, wazee kwa vijana wamezunguka, kelele na majigambo. Kwenye drafti ya vijiweni, kula ni lazima. Ukiweza kula, unakula, hata kama unaona wazi kwamba ukila utaliwa mbili. Utamu wote wa drafti uko hapo: unampa mwenzako kete moja kwa makusudi, sheria inamburuta, wewe unafagia. Mtu aliyecheza hivyo tangu ana miaka saba anajifunza mambo mawili hadi yanaingia kwenye vidole. Kutoa kafara bila woga, na kula bila kuuliza.

Kwenye chesi nusu ya urithi huo ni dhahabu. Nusu ya pili ni deni. Kwenye chesi hakuna lazima ya kula. Wale askari wawili wanaotazamana katikati, mchezaji mzoefu mara nyingi huwaacha watazamane hatua kumi. Maadamu hawajalana, mpinzani hajui njia gani itafunguka, na kila kete yake inabaki na kazi ya ulinzi. Ukila, umemfungulia mlango na kumwondolea wasiwasi.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo si kichwa. Ni mazoea." Hapo ndipo nataka tukae kidogo, msomaji wangu, kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyonifanya niandike.

Tunaposema fulani ana akili ya haraka, tunadhani anafikiri kwa kasi kuliko sisi. Watafiti wa chesi waliona kitu kingine. Adriaan de Groot, Mholanzi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1946, alikuta kwamba mabingwa hawatofautiani sana na wachezaji wa kawaida kwa wingi wa hatua wanazozipima. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, kule Marekani, waliwaonyesha watu ubao kwa sekunde 5 tu kisha wakawataka waupange upya. Ubao ukitoka kwenye mchezo wa kweli, bingwa alirudisha kete nyingi na anayeanza alirudisha chache. Kete zilipotawanywa ovyo bila mpango, ubora wa bingwa karibu wote ulitoweka. Jicho lake halikuwa na miujiza. Lilikuwa na ghala.

Blitsi inacheza kutoka ghalani. Sekunde nne hazitoshi kufikiri, zinatosha kukumbuka. Malenga anayejibizana papo kwa papo unadhani anatunga pale pale, kumbe vina na mizani vilishakaa kinywani mwake miaka mingi, analochagua pale ni lipi litoke. Bobby Fischer alipocheza mashindano ya blitsi Herceg Novi, Yugoslavia, mwaka 1970, alipata pointi 19 kati ya 22. Aliyemfuata alikuwa Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani, kwa pointi 14.5. Kasi ile haikununuliwa siku ile. Ililipiwa na mtu aliyekuwa akila na vitabu vya chesi mezani tangu utoto.

Na sisi wa miguuni pa mlima tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 2006 Simon Mtuy, kiongozi wa wapandaji na mzaliwa wa mitelemko hii hii, alipanda Kilimanjaro hadi mita 5,895 na kushuka kwa saa 9 na dakika zipatazo 20, safari ambayo mgeni hupewa siku tano, sita, saba. Lakini Mtuy alikuwa ameshapanda mlima ule mara nyingi mno kwa mwendo wa wageni, huku akiwaambia "polepole, polepole" kama wanavyosema viongozi wote. Miguu yake iliujua mlima kabla haijaukimbilia.

Sasa ushauri. Vitabu vitakuambia: ukitaka blitsi yako ipande, cheza michezo mirefu. Ni kweli, na ni rahisi kusema. Mchezo wa saa moja kwa kila upande ni saa mbili bila abiria, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni. Kijana huyu anacheza dakika tatu kwa sababu maisha yake yamekatwakatwa vipande vya dakika tatu. Kuna bando, kuna chaji, kuna mteja anayepunga mkono ng'ambo ya barabara. Ushauri usioingia kwenye siku ya mtu ni hotuba tu. Kwa hiyo tulikaa tukatafuta unaoingia.

Wa kwanza: kila siku, mchezo mmoja aliofungwa aupitie upya usiku kabla ya kulala, bila kuuliza mashine kwanza. Atafute mahali ulipogeukia, aandike sentensi moja kwenye daftari. Sentensi moja inatosha: "Nimekula askari wa kona, malkia wangu akapotea njia ya kurudi." Mashine aiulize baadaye. Ikikuambia mapema mno, unaelewa na kusahau asubuhi.

Wa pili: kwa mwezi mzima, kila penye kula, ajiulize kwanza, "Nisipokula je?" Hata kama jibu litamgharimu sekunde mbili. Hata kama atafungwa. Mazoea ya miaka 16 hayatoki kwa kuambiwa, yanatoka kwa kuzuiwa mara elfu.

Wa tatu: hesabu ya saa. Dakika 3 ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 unakupa sekunde 4 na nusu kwa hatua. Yeye alikuwa anacheza hatua 10 za kwanza kama mvua, halafu inafika hatua ya 14 anazama sekunde 50 kwenye swali moja. Tukaweka ukomo wa sekunde 15 kwa hatua yoyote ile. Ukifika hapo na huoni kitu, imarisha kete yako dhaifu kuliko zote, songa mbele. Hatua nzuri kwa wakati inaishinda hatua bora iliyochelewa.

Wa nne: mwisho wa mchezo. Ubao unapobaki na wafalme, ngome na askari wachache, hapo hakuna moshi wa kujificha, na ndipo alipokuwa akitupa michezo aliyokwisha kuishinda. Nikamwonyesha namna ya kujihami anayopewa sifa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki: ngome yako inakaa mstari wa tatu kutoka upande wako kumzuia mfalme wa adui asipite, na askari wake akishaingia mstari huo, ngome yako inakimbilia nyuma kabisa na kumsumbua mfalme kwa mbali. Unajifunza jioni moja. Unaitumia maisha yote.

Wa tano ni mfupi: ukifungwa mara mbili mfululizo, simu mfukoni. Mchezo wa tatu hauchezwi na wewe, unachezwa na hasira yako.

Wapenzi wa fasihi mtakuwa mmeshamkumbuka Stefan Zweig na ile hadithi yake ya chesi, aliyoikamilisha akiwa uhamishoni Brazili muda mfupi kabla ya kifo chake Februari 1942. Watu wengi wanaisoma kwa ajili ya Dr. B., aliyejifunza chesi kwenye kifungo cha upweke na anayeona hatua zote kwa kasi ya umeme. Mimi siku hizi namsoma Czentovic, bingwa, mtoto yatima wa mwendesha mashua wa mto Danube, asiyeweza kuandika sentensi bila makosa, ambaye kila mtu alimhesabu kuwa zuzu. Katika mchezo wa marudio Czentovic anagundua kwamba mwenzake hawezi kuvumilia kusubiri, basi anachukua muda wake wote, kila hatua, kwa makusudi. Dr. B. anavunjika. Zweig hakumpenda Czentovic, hilo liko wazi. Lakini katika hadithi ile ni yeye anayejua kwamba si lazima ule kila unachoweza kula, na muda ni mojawapo ya vyakula.

Hapa jirani tunaye mfano wa kweli. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliacha shule kwa ajili ya umaskini, akafika kwenye darasa la chesi la Robert Katende, ambako uji ulikuwa sehemu ya kivutio. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Wangapi walimpima kichwa chake kwa cheti chake? Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba ameishia darasa fulani, mwishowe anaanza kujiambia mwenyewe, na kila ukuta anaoukuta barabarani anadhani ndio mwisho wa kichwa chake. Mara nyingi ni mwisho wa njia moja tu aliyofundishwa, mara nyingine ni visoda 12 na sheria ya utotoni.

Jumapili mchana, baada ya ibada, kijiwe kikiwa kimepoa, sasa anakuja kwangu tunacheza mchezo mmoja wa nusu saa kila upande kwenye ubao wa mbao. Juzi askari wetu wawili walitazamana katikati kuanzia hatua ya 6 hadi ya 17. Niliona mkono wake ukinyanyuka mara tatu kuwafuata, na mara tatu akaurudisha, mwisho akaukalia kabisa. Tulitoka sare.

Pointi zake kwenye simu zimeshuka kidogo mwezi huu. Ilitarajiwa. Mkono unaojifunza upya huwa mzito. La kichwa kuishia hajalisema tena.