Alama za Mwamba

Katika madarasa yetu neno bamvua hufasiriwa upesi, kisha tukaendelea na ubeti. Kwa mjomba wangu wa Watamu, ambaye huwaongoza watalii kuvua kwa mshipi karibu na mlango wa Hori ya Mida, neno hilo ndilo liamualo riziki. Mwezi unapoandama au kupevuka, maji hujaa na kupwa kwa kishindo. Mkondo hulikokota chubwi, na ndoana haitui. Yakija maji mafu, tewa na changu hupatikana. Mgeni huona bahari tu (aghalabu na simu yake).

Mwamba wenyewe hauonekani. Mjomba huupata kwa kuunga alama mbili: mvinje fulani ufunike pembe ya paa fulani upande wa kusini, na mnara wa msikiti uchomoze baina ya minazi miwili upande wa bara. Zikilingana, nanga hutoswa. Hata mipaka ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka wa 1968, ambamo kuvua ni marufuku, anaijua kwa njia iyo hiyo.

Sasa macho yake yameingia mtoto wa jicho. Usukani ameushika binamu yangu, mwenye kifaa cha setilaiti. Kifaa hakikosei, nakiri. Lakini humo miamba ni nambari tupu, naye kolekole humtaja kwa Kiingereza. Upasuaji umepangwa kusi ikiisha. Nimeanza kuyaandika majina ya miamba daftarini, na mjomba hunikatiza kila mara: “Usiandike kwanza, mwanangu. Niambie, mnara uko wapi?”