Usifungue Ofisi kwa Jina la Mtu

Al-Hamra, Jeddah

Mpwa wangu mpenzi,

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona nikujibu kwa barua, maana mambo haya hayafai kuzungumzwa kwa simu inayokatika-katika.

Wewe uko Al-Hamra ya Riyadh, mimi niko Al-Hamra ya Jeddah. Jina moja, na baina yetu karibu kilomita 950 za jangwa. Sheria lakini ni moja, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Umesema yuko raia mmoja, mtu mwema, aliye tayari kutoa sijili ya biashara kwa jina lake, wewe uendeshe ofisi ya dizaini, kisha umpe chake kila mwezi. Wema wake siutilii shaka. Ila jambo hilo hapa lina jina, tasattur, na sheria yake iliyotungwa upya mwaka 2020 inafika kifungo cha miaka 5 na faini ya riyali milioni 5. Inamshika raia na inamshika mgeni, na mgeni akimaliza adhabu hutolewa nchini. Mtoa habari naye anaweza kupewa fungu katika faini, kwa hiyo usitegemee siri ya mtu mliyegombana naye kazini.

Watu wetu wengi wa zamani waliishi hivyo: duka la vitambaa au karakana ya cherehani, jina la kafili, yaani mdhamini, juu ya mlango, jasho la mwingine ndani. Kafili akifa, warithi wake huja kuhesabu mali, na yule aliyeamka alfajiri miaka yote hana karatasi hata moja ya kuonyesha kuwa meza ni yake. Nimeyaona haya kwa macho yangu, tena kwa watu waliokuwa wamepatana vizuri kabisa.

Hata hizo nembo unazowachorea watu usiku kwa malipo, ziache. Ikama yako, yaani kibali cha ukaazi, imeandikwa kwa mwajiri wako, na kile cheti cha kazi huru unachokisikia kilitungwa kwa ajili ya raia.

Milango ipo. Tangu Januari 2024 ukaazi maalumu umeongezewa mafungu mapya. Limo la wenye vipaji, linalowachukua watu wa utamaduni, na limo la waanzilishi wa biashara. Ada yake ni riyali 4,000. Ada siyo tatizo. La vipaji linataka tuzo na ushahidi wa kazi. La biashara linataka mwekezaji anayetambulika awe ameshaweka fedha. Wewe bado huna hiki wala kile. Sikuvunji moyo, nataka ujue miaka hii ijayo utatafuta nini. Shiriki mashindano. Serikali iliunda tume ya usanifu na ubunifu mwaka 2020 chini ya Wizara ya Utamaduni. Fuata matangazo yake. Nenda JAX kule Diriyah, kwenye maghala yaliyogeuzwa studio, ukaone watu wanafanya nini na wanakosea wapi. Ukija Jeddah nitakupeleka Hayy Jameel, iliyofunguliwa 2021, ingawa mimi mwenyewe huenda zaidi kwa ajili ya kahawa.

Na nyumbani usikusahau. Jina lako la biashara lisajili Zanzibar, kwa wakala wa usajili, BPRA. Michoro yako ya nguo ipeleke kwa watu wa hakimiliki, COSOZA, ili hakimiliki iwe na mwenyewe. Kaka yako auze huko, wewe ubaki mwajiriwa hapa. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo bibi yako hanunui kanga kabla hajatazama pindo kama limeandikwa "Mali ya Abdulla", alama ya biashara hiyo. Kanga zimechapwa India, zimechapwa Japani, viwanda vimekuja na kuondoka. Wanunuzi wanafuata jina. Sasa niambie, kwenye ofisi ya huyo bwana pindo lingeandikwa mali ya nani?

Kaka yako naye mfundishe kudai arubuni. Nusu mbele, kabla penseli haijagusa karatasi. Masahihisho mara mbili, ya tatu yana bei. Michoro yenyewe ya asili haitoki mpaka hesabu imefungwa. Watu wa kwetu watasema mmekuwa Wazungu. Waache waseme, kadi za arusi za bure zimewamaliza vijana wengi wenye mikono mizuri, na wanaoziomba ndio hao hao wanaomlipa mpishi wa biriani bila kupunguziwa.

Juu ya hicho chama cha wabunifu wa Afrika Mashariki: nia nimeipenda, katiba uliyonitumia sikuipenda. Mwenyekiti, makamu, mhazini, muhuri, na bado hamjakaa pamoja hata jioni moja kutazama kazi ya mtu. Kaeni kwanza. Yuko Mkenya, yuko Mngazija, yuko Mganda anayejua herufi za Kiarabu kuliko nyote. Kila mmoja alete alichokichora, wengine wakisemee kweli. Mkubaliane kuwa mtu haibi kazi ya mwenzake wala hasemi "mimi nitakufanyia kwa nusu". Anayejua programu mpya awafundishe waliofika jana. Hapo mtakuwa na jumuiya, muhuri uje au usije.

Michango tu muwe nayo macho. Kukusanya pesa za hadhara hapa bila kibali ni kosa, hata ziwe za maiti wa kusafirishwa. Sadaka ina njia zake rasmi, kama jukwaa la Ehsan lililoanza 2021. Msiba ukitokea, nendeni ubalozini, na mwajiri wa marehemu aulizwe wajibu wake kabla hamjapitisha kofia.

Huyo bwana mwandikie kwa adabu, mshukuru, mwambie hapana. Lifanye kabla ya Ijumaa, kisha nijulishe.

Wasalaam,
Mjomba wako