Nati Niliyokataza Isiguswe

Niliharibu gari la mzee aliyeniamini, kisha nikamdanganya kuhusu chanzo cha uharibifu. Makosa hayo ni mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Nayasema wazi kwa sababu mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi kwangu, aliyaona yote mawili kwa macho yake.

Naishi Bowling Green, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Tangu 1981 magari ya Corvette yanaundwa katika mji huu, baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka St. Louis. Ni mji ambao pia umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na mimi ni mmoja wao. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi Bukavu, nikitengeneza Land Cruiser na Hiace zilizochakazwa na barabara za Kivu. Kwa hiyo mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, aliponiletea Corvette yake ya mwaka 1977, nilijiona nimefika. Pawa stelingi ilikuwa inavuja na usukani ulikuwa unacheza sana. Aliniachia gari, ufunguo, na kitabu kinene cha mafundi cha gari lile. Kitabu nilikiweka juu ya kabati.

Mfumo wa usukani wa gari lile si ule nilioujua. Katika magari niliyoyazoea, vali inayogawa mafuta imo ndani ya boksi la usukani lenyewe. Ukibadilisha boksi, unafunga bolti, unaunganisha mipira, unajaza mafuta, unatoa hewa, basi. Corvette zenye pawa stelingi za kuanzia 1963 hadi 1982 zilikuwa na vali iliyokaa peke yake chini ya gari, kwenye ufito unaounganisha magurudumu ya mbele. Mkono wa boksi la usukani una kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya vali hiyo. Dereva akizungusha usukani, kichwa kile husogeza pistoni ndogo kidogo sana, na mafuta yenye shinikizo hupelekwa upande mmoja wa silinda iliyofungwa kwenye chesisi. Silinda ndiyo inayosukuma magurudumu. Pistoni ile isipokaa katikati kabisa, mafuta hupita upande mmoja hata kama dereva hajagusa kitu. Kinachoiweka katikati ni nati moja tu, iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo cha bati mwishoni mwa vali.

Nilibadilisha vali, silinda na mipira yote minne. Vali aliyoinunua mzee ilikuwa ya zamani iliyofanyiwa ukarabati, ikaja katika boksi safi na karatasi inayosema imepimwa. Tulipokuwa chini ya gari, mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, hii nati iliyo chini ya kifuniko ni ya nini?" Sikuwa nikijua. Nikamjibu, "Hiyo usiiguse, imeshafungwa huko ilikotoka." Nilitaka aendelee kuniona mtu anayejua, nami nikamfunga mdomo kwa kujifanya najua.

Nilipolijaribu gari barabarani lilivuta upande wa kulia. Nilihisi, na mkono wangu ulilazimika kulishikilia. Nikajiambia ni alaimenti, mwenyewe atapeleka kwingine ikapimwe. Nikamkabidhi mzee gari lake na kupokea malipo.

Siku chache baadaye alikuwa akirudi nyuma kutoka gereji ya nyumbani kwake, usukani ukajizungusha kwa nguvu ukamponyoka mikononi. Pua ya gari ikapiga nguzo ya mlango. Bodi ya Corvette ni ya faibaglasi, haibonyei kama bati, hupasuka. Madigadi la kushoto lilipasuka hadi juu ya gurudumu. Mzee hakuumia, na hakukuwa na mtoto aliyesimama pale. Hilo halinipunguzii kitu, kwa maana si mimi niliyezuia madhara.

Aliponipigia simu, jambo la kwanza lililonijia akilini ni swali la mpwa wangu. Nilijua pa kutazama. Lakini kinywa changu kilisema, "Mzee, umeuziwa vali mbovu." Nilitamka kwa uhakika kabisa kitu nisichokuwa na ushahidi wowote nacho. Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu. Hakusema neno. Mzee aliniamini, akamwandikia muuzaji malalamiko makali kwa neno langu, na muuzaji akatuma vali nyingine, nami nikarudishiwa gari niifunge.

Vali hiyo ya pili ndiyo iliyonifunga. Ningeifunga kama ile ya kwanza, bila kuisawazisha, gari lingerudi barabarani na hatari ileile, na safari hii mzee angeliendesha bila wasiwasi akiamini limepona. Hapo nilielewa uongo wa fundi unafanya nini: unamlinda yeye, na unaiacha hitilafu pale pale ilipo.

Nikashusha kitabu kutoka juu ya kabati, nikamwita mpwa wangu tukisome pamoja. Maelezo yalikuwa mafupi. Unainua magurudumu ya mbele, unafungua ncha ya ufito wa silinda kwenye chesisi, unawasha injini. Ufito ukijisogeza wenyewe, vali haiko katikati. Unazungusha ile nati mpaka ufito ubadili mwelekeo, kisha unaigawa nusu ile nafasi kati ya mwelekeo mmoja na mwingine. Tuliiacha pale pale ile vali ya kwanza, niliyoisingizia, tukafuata maelezo. Ufito ukatulia. Usukani ukawa mwepesi sawasawa pande zote mbili. Vali haikuwa na kosa lolote.

Nilikwenda na mpwa wangu kwa mzee, nikamweleza yote: nati, barabara, simu. Nilimwandikia muuzaji mwenyewe nikakiri, na vali yake ya pili nikamrudishia. Madigadi nililipia mimi, kidogo kidogo, hadi deni likaisha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kusema kweli, kisha akaniambia kwamba gari lake atalipeleka kwa fundi mwingine. Ana haki. Msamaha wake nimeupata. Kazi yake sijaipata tena, na sijamwomba.

Kwa mafundi wenzangu, hasa tuliokuja na ujuzi wa nyumbani katika nchi za watu: ujuzi ule ni wa kweli, lakini unajua magari yale tu uliyokutana nayo. Sehemu mpya ikiingia kwenye gari usilolijua, soma kwanza. Usukani ukivuta, usilitoe gari. Na mwanafunzi akikuuliza nati fulani ni ya nini nawe hujui, mwambie hujui, kisha mtafute jibu pamoja kabla ya injini kuwashwa. Siku ile jibu hilo lingenigharimu dakika chache na aibu ndogo mbele ya mtoto anayenipenda. Nililikwepa, na gharama ikamfikia mtu asiyekuwa na kosa.